SIMU YA MFANYAKAZI SI HISANI YA TAJIRI

Kwa miaka mingi sasa wanawake wa nchi hii wamekuwa wakiondoka kwenda Omani, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Wanatoka Unguja na Pemba, wanatoka Tanga na Dar es Salaam, wanatoka bara. Hawakwenda kutembea. Wamekwenda kwa sababu watoto wanadaiwa sare na madaftari, nyumba ya mama inavuja, na jembe peke yake halitoshi. Habari za mishahara yao zimesemwa mara nyingi, na habari za mapigo wanayopigwa zimesemwa pia. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wakubwa wengi wanaliona dogo, nalo ni haki ya mwanamke huyo kuzungumza na watu wa kwao.

Sisi twasema si dogo hata kidogo. Twasema ndilo la kwanza, maana haki zake nyingine zote zinapita katika mlango huo. Asiyelipwa mshahara, akiweza kumpigia ndugu yake, habari itajulikana. Anayepigwa, akiweza kutuma ujumbe, atapata shahidi. Lakini mtu aliyenyang'anywa simu, akafungiwa mlango, na pasipoti yake ikatiwa kabatini mwa tajiri, huyo aweza kufanyiwa lolote, na huku nyumbani watu wakaendelea kusema, "Fulani yuko Maskati, mambo yake mazuri."

Tajiri anayeichukua simu ya mtumishi wake anajua anachokifanya. Anaondoa shahidi. Na sisi tunaolinyamazia jambo hilo twamsaidia kuufunga mlango.

JINSI KAMBA INAVYOFUNGWA

Wananchi wengi wamesikia neno kafala lakini hawakuelezwa maana yake. Maana yake ni hii. Mgeni haingii katika nchi hizo kufanya kazi ya ndani bila mwenyeji wa kumdhamini, aitwaye kafili. Kibali cha mgeni cha kukaa nchini kimefungwa na jina la kafili huyo. Mtumishi akitoka nyumbani kwake bila idhini, hata kama anakimbia fimbo, kafili aweza kumshitaki kuwa ametoroka, naye akakamatwa, akawekwa ndani, akarudishwa kwao mikono mitupu. Kwa hiyo mtu mmoja, ndani ya nyumba moja, amekuwa tajiri, mwenye nyumba, na nusu ya serikali juu ya mwanamke mgeni asiye na jamaa katika mji ule.

Si maneno ya mitaani haya. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani katika Omani na Falme za Kiarabu. Wanawake hao walieleza kwa vinywa vyao habari za pasipoti zilizochukuliwa, mishahara iliyokatwa au isiyotolewa kabisa, na siku za kazi zisizo na mwisho. Mwezi Mei 2025 shirika la Amnesty International likatoa taarifa yake juu ya wanawake wa Kenya walioko Saudi Arabia, baada ya kuzungumza na zaidi ya wanawake 70. Mambo yalikuwa yale yale: pasipoti zimeshikwa, siku ya mapumziko hakuna, na wengine simu zao zimechukuliwa. Nchi mbili tofauti, miaka minane imepita katikati, na kilio hakikubadilika.

Watatuambia kwamba ziko sheria. Ndiyo, ziko. Saudi Arabia ilitunga kanuni mwaka 2013 iliyompa mtumishi wa nyumbani siku moja ya kupumzika kila wiki. Falme za Kiarabu zilitunga sheria mwaka 2017, kisha nyingine mwaka 2022, na zote mbili zilisema hati za mtumishi zikae kwake mwenyewe. Twazikubali sheria hizo, na anayezitii twamshukuru. Lakini Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kafala mwezi Machi 2021, watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya mabadiliko hayo. Na katika Omani, sheria ya kazi ya mwaka 2003 iliwaacha nje vile vile, wakatungiwa kanuni yao fupi mwaka 2004. Kila mara mwanamke wa jikoni ndiye anayebakia mwisho wa foleni.

Tena mkaguzi wa kazi huingia kiwandani. Nyumbani kwa mtu haingii kwa urahisi. Sheria nzuri ikifika mlangoni husimama barazani, ikangoja mtu wa ndani aiite. Na ataiitaje, ikiwa simu imechukuliwa?

JINSI WANAVYOJITAHIDI

Lakini tusidhani kwamba wanawake hawa wamekaa kimya wakisubiri huruma. Wanajua kazi, na wanajua kupenya. Kwa miaka mingi katika Falme za Kiarabu na Omani simu za bure za WhatsApp zilizuiwa, ukabaki ujumbe wa maandishi na wa sauti. Saudi Arabia nayo ilizuia simu za namna hiyo, ikaondoa zuio hilo mwezi Septemba 2017. Basi wanawake wakajifunza kuishi kwa ujumbe wa sauti. Usiku, kazi ikiisha, mtu hujifunika shuka, akasema dakika mbili kwa sauti ya chini, akatuma. Asubuhi mama yake huku kijijini, asiyejua kusoma, huketi na mjukuu kando ya ukuta, wakausikiliza ujumbe ule mara tatu, mara nne. Katika safari zetu za matawini tumewaona watoto wadogo ambao wakiulizwa mama yuko wapi, huonyesha simu.

Saa za Maskati zimetangulia zetu kwa saa moja tu, na za Riyadh ni zile zile zetu. Mtoto akirudi shule jioni, na kwa mama yake ni jioni. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba umbali ndio unaowatenga. Kinachowatenga ni kazi inayoanza kabla ya alfajiri na kuisha baada ya wageni kuondoka, na ambayo mwezi wa Ramadhani huzidi maradufu.

Fedha nayo ni salamu. Wako wazazi ambao hujua kwamba binti yao yu hai kwa sababu fedha zimeingia katika simu mwisho wa mwezi. Mwezi usipoingia kitu, mzee hawazi deni la dukani kwanza. Huwaza kama mtoto yuko salama. Mshahara unapozuiwa mkononi mwa tajiri kwa miezi mitatu, basi na salamu imezuiwa pamoja nao.

Na hata ukilipwa, njiani wako wanaongoja. Benki ya Dunia imeonyesha mwaka hata mwaka kwamba kutuma fedha kuja Afrika kusini ya Sahara ni ghali kuliko sehemu nyingine za dunia, karibu 8 katika kila 100 kwa wastani. Mataifa yaliahidi mwaka 2015 kwamba kufika mwaka 2030 makato hayo yawe chini ya 3 katika 100. Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Mwanamke anayetuma shilingi 300,000, akikatwa 8 katika 100, amepoteza shilingi 24,000. Akikatwa 3, angepoteza 9,000. Tofauti ni 15,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 180,000. Hizo ni sare na viatu vya watoto wake, zimebaki kwa watu ambao hawakushika hata ufagio.

Twamjua dada mmoja, jina lake tunaliacha. Baba yake alifariki wakati yeye yuko ng'ambo. Simu yake ilikuwa kabatini kwa bibi wa nyumba, naye bibi alikuwa amesema ataitoa Ijumaa kama kazi itamridhisha. Ijumaa zikapita saba. Siku aliyopewa simu alikuta matanga yamekwisha zamani na arobaini imesomwa. Akakuta pia maneno ya kaka zake, waliokasirika kwamba hakutuma hata rambirambi, wakasema kwamba Uarabuni kumempa kiburi. Huyo dada hakupigwa. Hakunyimwa chakula. Mshahara alilipwa. Katika hesabu za wakala wake yeye ni mtu aliyefanikiwa. Sisi twauliza: nani atamlipa kwa hilo, na kwa sheria ipi?

MANAMBA WA ZAMANI NA MANAMBA WA LEO

Wazee wetu wanaikumbuka katani. Mjerumani Richard Hindorf aliileta nchini mwaka 1893, na chini ya Mwingereza ikawa dhahabu ya Tanganyika. Mashamba yalikuwa Tanga na Morogoro, lakini watu walitafutwa mbali, kwa sababu mtu aliye mbali na kwao hana pa kukimbilia. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU. Mtu aliandikwa, akapewa namba, akapakiwa. Ndiyo asili ya jina manamba. Alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na siku ambayo kazi haikutimia haikuhesabiwa. Nyumbani mke alibaki akiuliza wapita njia.

Ndugu zetu wa Kenya walikuwa na kipande cha namna nyingine, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni katika kikopo cha bati, na hakuweza kuacha kazi bila tajiri kutia sahihi. Harry Thuku alipokipinga, pamoja na kupinga kazi za kulazimishwa walizofanyishwa wanawake na wasichana mashambani, alikamatwa mwezi Machi 1922. Aliyesimama mbele ya umati Nairobi kudai afunguliwe alikuwa mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, naye akauawa kwa risasi pale pale.

Leo pasipoti ya mwanamke wetu, aliyoipata kwa jasho na iliyoandikwa jina la Jamhuri yetu, imefungiwa kabatini mwa mtu binafsi. Zamani kipande kilivishwa shingoni. Sasa hati inaondolewa mkononi. Shabaha ni moja: mtu asiondoke mpaka mwenyewe apende. Na jina lake nalo limepotea kama la manamba, maana katika nyumba nyingi haitwi kwa jina, huitwa khadama tu.

Tuelewane hapa, wananchi. Hatusemi haya kwa chuki ya kabila wala ya dini. Wako Waomani wengi wenye utu, wanaomtendea mtumishi kama mtoto wao, na wengi wao wanazungumza Kiswahili kama sisi kwa kuwa wazee wao waliishi Unguja na pwani. Tena hilo laongeza uchungu, kwa sababu binti yetu aweza kutukanwa Maskati kwa Kiswahili fasaha. Ugomvi wetu ni na mpango unaomfanya mtu mwema na mtu mbaya wawe na uwezo ule ule juu ya mwanamke, kisha ukamwambia mwanamke amwombe Mungu apate yule mwema.

WANAYOSEMA WAPINZANI

Wapo wanaosema, "Dawa ni kuwazuia wasiende." Maneno hayo hutoka sana kwa wanaume ambao hawakuwahi kutafuta ada ya mtoto peke yao. Majirani zetu wamejaribu. Kenya ilipiga marufuku mwaka 2014, ikafungua tena mwaka 2017. Uganda ilipiga marufuku mwezi Januari 2016, nayo ikaondoa mwaka uliofuata. Mlango wa mbele ukifungwa, dalali hufungua wa nyuma. Mwanamke hupitishwa nchi nyingine, hupewa viza ya matembezi, na huambiwa asimwambie mtu. Sasa huyo, akipata shida, ubalozi hauna jina lake, ofisi ya kazi haina mkataba wake, na ndugu zake hawajui yuko mji gani. Marufuku imewakatia mawasiliano kabla hata tajiri hajaigusa simu.

Wengine wanasema, "Simu inampotezea mtumishi wakati, na nyumba ya watu ina siri zake." Tajiri ana haki ya kazi ndani ya saa za kazi. Hatubishi. Mwalimu hashiki simu akifundisha, na dereva hashiki akiendesha. Lakini kazi ikiisha, saa ni za mfanyakazi. Na kama ni siri za nyumba, mwambie asipige picha za watoto wako, akubali, muandikiane. Je, karani wa benki naye anajua siri ngapi? Mbona hatujasikia meneja akifungia simu ya karani kabatini usiku?

Wengine wanasema, "Alitia sahihi mwenyewe." Alitia sahihi nini? Wengi hupewa karatasi iliyoandikwa Kiarabu au Kiingereza siku moja kabla ya ndege, dalali amesimama juu ya kichwa chake. Mangungo wa Msovero naye alitia alama yake katika karatasi ya Karl Peters mwaka 1884, na Wajerumani wakasema ametoa nchi. Taifa lililotawaliwa kwa karatasi za namna hiyo haliwezi kusimama leo likamwambia binti yake kwamba sahihi yake imetosha.

Na wako wanaosema kwamba serikali haina mkono katika nyumba ya mtu wa nchi nyingine. Mkono upo. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1963, kifungu cha 36, yanampa balozi mdogo haki ya kuwasiliana na raia wake, na raia haki ya kuwasiliana naye. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2011 na kuanza kazi mwezi Septemba 2013, unasema mtumishi wa nyumbani ashike mwenyewe hati zake za safari, apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, na asilazimishwe kubaki ndani ya nyumba wakati wake wa mapumziko. Pendekezo namba 201 la mwaka huo huo limetaja hata namba ya simu ya msaada yenye watu wa kutafsiri lugha. Zana zipo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzishika.

TUTAZAME NA NYUMBANI KWETU

Nyani haoni kundule. Wako wanachama wa chama hiki, watu wanaopiga makofi kwa nguvu mkutanoni tunapoilaani kafala, ambao nyumbani kwao Dar es Salaam au Arusha yumo msichana kutoka Iringa, Singida au Dodoma. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho. Simu yake inakaa kwa mama mwenye nyumba "asije akaharibiwa na wanaume." Mshahara wake anatumiwa mjomba. Kwenda kwao ni mpaka apewe ruhusa, na ruhusa haiji. Huyo mwanachama anatofautiana na kafili kwa jambo gani? Labda kwamba kafili alilipia nauli ya ndege.

Tutadaije Riyadh haki tunayoinyima Kinondoni? Balozi wetu akienda kulalamika, ataulizwa, na atakosa la kujibu. Kwa hiyo twasema wazi: kiongozi wa tawi anayemnyang'anya mtumishi wake simu hafai kutusemea juu ya wanawake wa ng'ambo. Aanze nyumbani.

Na sisi jamaa tunaobaki tuna la kusikia pia. Katika familia nyingi mwanamke aliye ng'ambo hupigiwa simu siku tatu tu: siku ya ada, siku ya ugonjwa na siku ya harusi. Ujumbe wake mrefu wa sauti haujibiwi. Wa kusema "nimetuma" hujibiwa mara moja. Akisema amechoka, huambiwa avumilie kwa kuwa nyumba haijaezekwa. Mwanamke wa namna hiyo akipigwa hasemi, kwa sababu amekwisha jua kwamba nyumbani wanangoja fedha kuliko wanavyomngoja yeye. Tajiri akifunga mlango kwa nje na ndugu wakafunga masikio kwa ndani, dada yetu aende wapi? Wale kaka waliomkasirikia dada yao kwa sababu ya arobaini walipaswa kujiuliza swali moja kabla ya kukasirika: kwa nini wiki saba hatujaisikia sauti yake, na ni nani kati yetu aliyekwenda kuuliza?

TUNAYOYATAKA

Twataka mambo sita, na twataka yaandikwe.

La kwanza. Kila mkataba wa kazi za ndani nje ya nchi uwe na Kiswahili, na useme kwa maneno yasiyopindika kwamba simu ni mali ya mfanyakazi, haichukuliwi usiku wala mchana, na kwamba saa zake za kupumzika ni hizi na hizi. Mkataba namba 189 haukutaja simu. Basi sisi tuitaje.

La pili. Pasipoti ikae mkononi mwa mwenyewe. Tajiri atakayeishika aandikwe katika daftari la ubalozi, na asipewe mfanyakazi mwingine kutoka nchi hii.

La tatu. Wakala aliyempeleka mtu awajibike kwa mtu huyo mpaka arudi. Ndani ya siku tatu za kufika ahakikishe mwanamke amezungumza na jamaa zake, na baada ya hapo kila mwezi. Wakala akiulizwa fulani yuko wapi na akashindwa kujibu, leseni yake ifutwe. Mchuuzi wa ng'ombe anajua ng'ombe wake wako mnada gani. Iweje mchukuzi wa watu asijue?

La nne. Ubalozi uwe na namba ya simu inayopokelewa kwa Kiswahili mchana na usiku, na namba hiyo watu waifahamu kabla hawajapanda ndege. Ubalozi unaofungua saa tatu na kufunga saa tisa haumfai mtu ambaye nafasi yake ya pekee ni saa sita za usiku.

La tano. Benki na kampuni za simu zishushe makato ya kutuma fedha yafikie ahadi ya mwaka 2015. Zimetajirika vya kutosha kwa jasho la jikoni.

La sita ni letu wenyewe, halihitaji bunge wala balozi. Kila tawi liwe na daftari la wanawake waliokwenda ng'ambo kutoka mtaa huo au kijiji hicho. Liandikwe jina, wakala, mji, jina la kafili likijulikana, na namba ya simu. Kabla hajaondoka, mwanamke apige chapa ya pasipoti na mkataba wake aiache kwa mtu anayemwamini. Akubaliane na jamaa zake neno moja la kawaida, kama vile kuuliza habari za shangazi asiyekuwapo, ili akilitaja mbele ya tajiri wao wajue ana shida. Na akipita wiki mbili bila sauti, katibu wa tawi asingoje. Aende kwa wakala na watu kumi, wakae barazani mpaka wapate jibu.

Asiseme mtu kwamba kazi hiyo ni ndogo kwa chama. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kuongoza wanawake wa TANU, alianzia katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, na habari zikatembea nyumba kwa nyumba, kutoka mdomo hadi sikio. Wakoloni walikuwa na posta, simu za waya na magazeti; wale akina mama walikuwa na majina ya wenzao na njia za uani. Kadi zikauzwa, watu wakajaa mikutanoni. Waliojua kuunganisha mtaa na mtaa bila hata senti ya serikali ni bibi zao hawa hawa wanaofungiwa leo. Wajukuu wameurithi ujuzi huo. Wanachokosa ni sisi kuwa upande wa pili wa simu.

Basi makatibu wote wa matawi wanunue daftari wiki hii, na Jumapili majina yaanze kuandikwa. Wanawake waliokwisha rudi waitwe kwanza, maana wao wanazijua nyumba, wanawajua mawakala, na wanajua uongo gani husemwa wapi. Wasikilizwe, wasihukumiwe. Wengine wamerudi na fedha, wengine wamerudi na makovu, wote ni wa kwetu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hatuombi wanawake wetu wapendwe na matajiri wao. Twadai walipwe, wapumzike, washike pasipoti zao, na wazungumze na watoto wao jua likizama, kama afanyavyo kila mfanyakazi aliye huru.